Walioanza Kusema ni Polisi

Mwandishi wa safu ya juma lililopita ametutaka tufunge midomo kila askari anapofariki, ati porojo za mitaani huvuruga upelelezi. Angekuwa na hoja kama polisi wenyewe wangenyamaza.

Sajini Kipyegon Kenei, mlinzi katika ofisi ya Naibu Rais, alipatikana amekufa nyumbani kwake Imara Daima, Nairobi, Februari 20, 2020. Alikuwa akisubiriwa kuandikisha taarifa kuhusu kashfa ya kandarasi bandia ya silaha. Mwanzoni ilionekana amejiua. Wengi walikataa kuamini, na hao ndio wapiga porojo wetu.

Kisha Machi 5 mkurugenzi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), George Kinoti, akawaita wanahabari, akawaonyesha picha za CCTV kutoka Harambee House Annex, zilizo ofisi za Naibu Rais, na kutangaza kwamba Kenei aliuawa, kisha mambo yakapangwa yaonekane ya kujiua. Yaani wapiga porojo walikuwa wameona mbali kidogo. Upelelezi ukarushwa kwenye televisheni, nchi nzima ikatazama. Baada ya hapo mtu wa mtaa wa Githurai aambiwe asitie neno?

Watu husema kwa sababu polisi ndio wanaochunguza kifo cha polisi mwenzao. Ili kazi hiyo isiachiwe polisi peke yao, sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017. Kenei alipokufa, ilikuwa bado karatasini. Mwandishi akitaka tunyamaze, kwanza aidai serikali huduma hiyo.