Riba ya mkopo wa nyumba ikibadilika, usikae kimya

Makamanda, ile riba isiyobadilika kwenye mkopo wa nyumba ina mwisho wake. Kipindi kikiisha, benki inakupangia mpya, na wengi wetu hapa Bariadi tunasaini tu. Hapana! Nasoma sheria, nawaambia: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka ujulishwe kwa maandishi riba ikibadilishwa. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, yako ikipanda, uliza kwa nini. Ulizia na benki nyingine kabla hujasaini.

Mkulima wa Simiyu anauza pamba kwa msimu, marejesho yanadaiwa kila mwezi. Vijana, tudai marejesho ya msimu na mikataba ya Kiswahili kinachoeleweka. Nyumba za wazazi wetu zisipigwe mnada kwa karatasi wasizozielewa.