MBWA MGENI NA MLIO WA BUNDUKI

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa kahawa wa upande wa Nyeri, ametuletea barua ndefu, na ingawa habari yake si ya kahawa wala ya ng'ombe, nimeona yafaa ijibiwe katika ukurasa huu, kwa kuwa wengi wenu mnao watoto ng'ambo. Asema kwamba mwanawe anakaa katika jimbo la South Dakota, Marekani, na huko amechukua mbwa dume wa umri wa miaka miwili hivi kutoka katika nyumba inayotunza mbwa walioachwa na wenyewe. Majirani wa kijana wamemwalika kwenda kuwinda ndege waitwao fezanti msimu utakapofunguliwa mwezi wa Oktoba, naye ataka mbwa huyo afuatane naye. Lakini siku moja gari lilitoa mlio mkubwa njiani, na mbwa akajificha chini ya kitanda hata jioni. Majirani wanamwambia kijana kwamba dawa ni moja tu: ampeleke mahali watu wanapojifunza shabaha, amfunge hapo, asikie bunduki mchana kutwa mpaka azoee. Mzee anauliza: "Je, ni kweli? Maana mwanangu ampenda sana mbwa huyu, nami nachelea asije akampoteza."

Mzee wangu, si kweli. Tena nakuomba umpigie mwanao simu leo hii, usingoje barua, umwambie asithubutu kufanya hivyo. Mbwa mwenye hofu akifungwa karibu na bunduki zinazolia hajifunzi kuzoea. Hujifunza kwamba hofu yake ilikuwa ya haki, na kwamba bwana wake ndiye aliyemleta penye hatari akamzuia kukimbia. Mbwa wengi waliokwisha haribika kwa bunduki waliharibiwa siku moja tu, na kuwatengeneza tena huchukua miezi mingi, na wengine hawatengenezeki kabisa. Basi neno hili si dogo kwa mbwa ambaye amekwisha kuachwa mara moja.

Kabla sijaeleza njia iliyo njema, yafaa wasomaji wajue ndege huyu ni nani, kwani hayuko kwetu. Fezanti ni jamaa ya kuku na kwale. Jogoo wake ana kichwa cha kijani chenye kung'aa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni, na mkia mrefu sana. Jike ni wa rangi ya udongo, na akilala katika majani makavu humwoni hata ukiwa hatua mbili kutoka alipo. Asili yake ni Bara la Asia. Huko Marekani waliota mizizi baada ya Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani katika mji wa Shanghai, kuwapeleka kutoka Uchina mpaka Oregon mwaka 1881 na 1882. South Dakota walifunguliwa katika mashamba mwanzoni mwa karne ya 20, wakaongezeka kwa ajabu kati ya mahindi na nyasi ndefu, hata mwaka 1919 serikali ya jimbo ikaruhusu wawindwe kwa siku moja, katika wilaya moja tu ya Spink. Mwaka 1943 wakamfanya kuwa ndege wa jimbo lao. Siku hizi msimu hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba, na mtu mwenye cheti haruhusiwi kupata zaidi ya majogoo 3 kwa siku. Majike hawaguswi.

Sasa, kwa nini mbwa? Watu hudhani mbwa ni wa kumtafuta ndege tu. Hiyo ni nusu ya kazi. Fezanti hapendi kuruka. Hupenda kukimbia kwa miguu, na anaweza kupita chini ya nyasi akatokea nyuma yako huku wewe ukitazama mbele. Na akipigwa marisau ya bawa tu, huanguka, na kabla hujafika pale alipoangukia amekwisha kimbia akajiingiza katika matete. Mwindaji asiye na mbwa atamwacha ndege huyo afe kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo mbwa aliyefundishwa si pambo la matajiri, bali ndiye anayezuia unyama katika uwindaji. Mimi sina mapenzi makubwa na kuua ndege kwa mchezo, nalisema wazi, lakini kama mtu ataka kuwala, basi na awachukue wote aliowaangusha.

Tuje kwa mbwa mwenyewe. Kwanza kijana asahau bunduki kabisa kwa muda wa majuma mengi. Mbwa aliyebadilishiwa nyumba ni kama mtoto aliyepelekwa kukaa kwa jamaa asiowajua: siku za kwanza hana sauti, wala hali vizuri, na tabia yake ya kweli huanza kuonekana baada ya majuma matatu au zaidi. Ampeleke kwa daktari wa wanyama, achanjwe kichaa cha mbwa na magonjwa mengine, na apimwe damu kutafuta minyoo ya moyo, ambayo huletwa na mbu na kumfanya mbwa ashindwe kupumua akikimbia. Daktari amtazame masikio na nyonga pia. Mbwa anayeumwa akikataa kazi, watu humwita mvivu.

Katika siku hizo amfundishe maneno machache tu. "Njoo", "kaa", na "ngoja" yatosha. La kwanza ndilo kubwa kuliko yote, nalo lifundishwe kwa kamba ndefu ya mita 8 au 10, nyepesi, iliyofungwa katika ukanda wa shingo na kuachwa ikiburura chini. Aite mara moja. Mbwa asipokuja, avute kamba polepole mpaka afike, kisha ampe kipande cha nyama na kumpapasa. Asimwite mara kumi kwa kupaza sauti, kwani mbwa atajua kwamba mara tisa za kwanza hazina maana. Wala asimwite kamwe ili ampige. Hapa nawaambia na ninyi wa nyumbani: nimeona watu wengi wakimwita mbwa aliyekosa, mbwa akaja kwa utii, akapigwa fimbo. Kilichopigwa pale ni utii wake.

Baada ya neno, filimbi. Sauti ya mtu hupotea katika upepo wa nyika ile, nao ni upepo mkali. Mlio mmoja mrefu wa kusimama, milio mifupi ya kurudi. Achague na asibadilishe.

Kisha apewe harufu ya ndege. Kijana aombe kwa majirani mabawa makavu ya fezanti ya mwaka uliopita, afunge bawa moja kwenye kamba na kulikokota mbele ya mbwa uani. Mbwa mwenye damu ya kuwinda huwaka kama moto, na yule asiye nayo hunusa akaenda zake. Si kosa lake, na ni vizuri kulijua mapema. Anayependa bawa alitupiwe katika ujia mwembamba wa nyumba, ambamo hana njia ya kukimbilia ila kumrudia bwana wake. Akirudi nalo asinyang'anywe upesi, bali asifiwe kwanza akiwa nalo mdomoni. Baadaye bawa lifungwe juu ya kifurushi cha kitambaa, lifichwe katika nyasi, na mbwa aachwe alitafute kwa pua, akielekea upepo unakotoka.

Ndipo tufike kwenye mlio, na hapa nawaomba mnisome polepole. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa akisikia sauti fulani kila mara chakula kinapokuja, sauti peke yake itamtoa mate. Yafuatayo ni kazi hiyo hiyo. Kijana atafute rafiki mmoja mwenye subira na bastola ndogo isiyotoa risasi, ile inayotumika kuanzishia mbio. Rafiki asimame mbali, mita 150 au hata 200, mahali ambapo mbwa hamwoni. Kijana amtupie mbwa bawa, na wakati mbwa anapolikimbilia kwa furaha, si kabla wala si baada, rafiki afyatue mara moja. Kisha wote wamtazame mbwa. Akiinua masikio na kuendelea, vema; mlio mmoja mwingine, halafu waende nyumbani. Akisimama, akakunja mkia au akatazama nyuma, rafiki arudi nyuma zaidi na kesho waanze kwa mlio mdogo kuliko huo. Hata kupiga makofi kwa mbali, au kugonga sufuria katika chumba kingine wakati wa kula, ni mwanzo mwema kwa mbwa kama huyu aliyekimbilia chini ya kitanda.

Kila siku chache rafiki asogee hatua kumi tu. Asisogee kwa sababu kalenda inasema hivyo, ila kwa sababu mkia wa mbwa unasema hivyo. Watakapokuwa mita 20 na mbwa hajali, waanze tena mbali kwa bunduki ya marisau yenyewe. Na katika muda wote huu, usiku wa tarehe 4 Julai, Wamarekani wanaposherehekea uhuru wao kwa fataki, mbwa awekwe ndani, madirisha yafungwe na redio ilie. Mbwa wengi hutoroka usiku ule, na kazi ya miezi miwili yaweza kupotea kwa dakika kumi.

Mambo ya mwituni ni mafupi. Mbwa atembee kwa kwenda kushoto na kulia mbele ya bwana wake, asizidi mita 25 au 30, kwani akimrusha ndege mbali zaidi marisau hayafiki. Akiwa wa aina ile inayosimama na kuonyesha kwa pua, aweza kwenda mbali kidogo. Avalishwe kizibao cha rangi ya machungwa. Ndege arukaye chini chini asipigwe kabisa, maana mbwa anaweza kuruka nyuma yake. Siku za kwanza za Oktoba zaweza kuwa na joto, na mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Akihema sana na kuyumba apumzishwe kivulini na kupewa maji. Jioni atazamwe masikioni na kati ya vidole, mbegu za nyasi zenye miiba zisije zikaingia nyamani.

Nawaonya wasomaji wa hapa: msichukue habari hii mkaingia porini na mbwa kufukuza paa na sungura. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 ina adhabu nzito. Lakini mwenye mbwa wa kuchunga kondoo au kulinda boma aweza kuitumia kamba ndefu, na kipande cha nyama, kama nilivyoeleza.

Mzee anauliza pia: itakuwaje Oktoba ikifika na mbwa bado ana hofu? Basi abaki nyumbani. Kijana aende na majirani, mbwa wao wafanye kazi, naye arudi na mabawa mapya ya kuchezea uani. Msimu huendelea mpaka mwisho wa Januari, na Oktoba nyingine itakuja, mbwa akiwa na miaka mitatu tu, umri mwema wa kuanza. Na ikiwa hatapenda mlio kamwe, atakuwa mbwa wa mlangoni. Mwambie mwanao asimrudishe kule alikomtoa kwa sababu hiyo.

Barua za kuku wanaokula mayai yao wenyewe nimezipata, nazo ni nne. Nitazijibu juma lijalo.