Fungua Huo Mtumba



Leo nataka tuzungumze kuhusu gunia lililo chini ya kitanda chako. Ndiyo, hilo la nguo. Na lile sanduku ambalo zipu yake imekataa kufunga. Na ule mfuko unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Usicheke. Kuna neno la Mungu ndani ya hilo gunia.

Sisi wachungaji wa mitaa hii, kuanzia hapa Olympic mpaka kule Kawangware, tunalijua jibu moja. Ukimpigia simu mshirika ambaye hajaonekana ibadani mwezi mzima, anakwambia, "Pasta, sina nguo." Unamtembelea. Nyumba ni futi 10 kwa 10, na kona nzima imejaa nguo mpaka dirishani. Anasema hana nguo, na usiku analala juu ya nguo!

Lakini hasemi uongo, mpendwa. Anachomaanisha ni kwamba katika zote hizo hakuna hata moja anayoiamini. Kila asubuhi anaingiza mkono kwenye gunia. Anatoa blauzi, imebana. Anatoa sketi, zipu imekufa. Anatoa shati, linanuka ukungu. Na moyo wake unamwambia, "Unaona? Na wewe uko hivyo hivyo." Kabla hajafungua Biblia, gunia limeshamhubiria, na mahubiri yake ni ya kumshusha.

Sasa hebu twende Toi Market, hapo jirani. Unajua mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa. Beli moja huwa na kilo 45 hivi. Mfanyabiashara akishalipia, halifungui wiki ijayo. Analifungua asubuhi hiyo hiyo, anamwaga kila kitu, anapanga. Zile za chaguo la kwanza anazitundika juu watu wazione. Za kati zinapata bei yake. Zilizochakaa zinaenda kwenye rundo la bei ya kutupa. Kwa nini asiache beli limefungwa? Kwa sababu ndani ya mzigo uliofungwa, nguo nzuri na tambara ni kitu kimoja. Hakuna ajuaye thamani ya chochote.

Wengi wetu tunaishi na mtumba ambao haujawahi kufunguliwa. Unayo nguo nzuri, lakini iko chini ya kumi mbaya. Halafu unashangaa kwa nini unajiona huna thamani.

Najua kwa nini hatutupi, na siwezi kukulaumu. Sisi tumeona mambo. Soko la Toi liliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na watu wakaanza upya na mikono mitupu. Mwaka 2020 korona ilipoingia, uagizaji wa mitumba ulisimamishwa kuanzia Machi mpaka Agosti, na familia zinazokula kutokana na mtumba zikajua njaa ni nini. Mwaka 2024 mafuriko yakapita mitaani na kubeba vitu vya watu. Mtu aliyewahi kupoteza kila kitu hushika kila kitu. Hiyo naielewa.

Lakini tofautisha akiba na woga. Sweta mbili nzito za Julai ni akiba. Suruali saba zisizopita kwenye mapaja ni woga. Unasema, "Nitapungua, zitanitosha." Mama, ulizivaa kabla ya watoto watatu. Mwili uliobeba watoto watatu haujakosea popote, na haustahili kuaibishwa kila asubuhi na suruali ya shilingi 50.

Soma 1 Samweli 2:19. Hana alimtengenezea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka baada ya mwaka. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mtoto alikuwa anakua. Hana hakumwambia Samweli arudi kuwa mdogo ili kanzu ya mwaka jana imtoshe. Alishona ya mtoto aliye mbele yake. Kisha nenda sura ya 17. Daudi anavalishwa mavazi ya vita ya Sauli, mavazi ya mfalme, ya gharama. Anajaribu kutembea, hayamfai. Anayavua. Hakuona aibu kuvua kitu cha bei ambacho si chake. Kuna nguo umeng'ang'ania kwa sababu ni ya bei au kwa sababu aliyekupa ni mtu mkubwa. Vua. Goliathi hakuanguka kwa mavazi ya Sauli.

Mtu ataniambia, "Pasta, Mungu haangalii nguo, anaangalia moyo." Amina, ni kweli. Lakini neno hilo Samweli aliambiwa ili asipime watu wengine kwa sura. Hakupewa liwe kisingizio cha kujidharau. Na kanisa lolote linalomkalisha mwenye suti mbele na mwenye kandambili nyuma lisome Yakobo 2 likiwa limepiga magoti. Kwa hiyo usinisikie vibaya: sisemi ununue suti. Sitaki utumie hata shilingi. Nataka uone ulichonacho.

Fanya hivi Jumamosi, siku ya kufua, jua likiwa limetoka. Mwaga kila kitu kitandani. Kila kitu. Halafu gawanya mafungu manne.

La kwanza: nguo zinazokutosha leo, safi, ambazo ukivaa unasimama wima. Huenda zikawa tano tu. Ni tano zako. Funga kamba kutoka msumari hadi msumari, zitundike, zifunike na leso dhidi ya vumbi. Na ile "ya kutoka" unayoihifadhia siku kubwa, ivae Jumapili hii. Nguo iliyofungwa kwenye plastiki chini ya mabati hushika unyevu, na ukungu haujui siku kubwa ni lini.

La pili: za fundi. Kifungo, zipu, kupunguza kiuno. Zipeleke wiki hii kwa fundi wa cherehani aliye barabarani. Ikifika mwezi hujazipeleka, kubali kwamba huzihitaji.

La tatu: zinazomfaa mwingine. Yohana Mbatizaji katika Luka 3 alisema wazi, mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Lakini toa kwa heshima. Ifue, ikunje, ishone kifungo. Ukiona aibu kuivaa wewe, usimvishe jirani na kuita sadaka. Dorkasi alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha mavazi aliyowashonea. Je, nguo unayotoa ni ya mtu kukulilia?

La nne: matambara. Ya kupigia deki, ya kushikia sufuria. Yaliyozidi yaende kwa wazoa taka, yasitupwe mtaroni, maana mvua ikija mtaro ulioziba unarudisha maji kwenye nyumba zetu wenyewe. Na usidharau tambara. Katika Yeremia 38, nabii ametupwa shimoni, amezama kwenye matope. Ebedmeleki alichukua nguo kuukuu na matambara kutoka nyumba ya mfalme, akayashusha kwa kamba, Yeremia akayaweka kwapani, akavutwa juu bila kukatwa na kamba. Hata tambara lina kazi likipelekwa mahali pake. Chini ya kitanda chako kazi yake ni kufuga kunguni.

Kuna nguo chache sitazigusa. Shati la marehemu mume wako. Kitambaa cha mama. Kofia ya mtoto ambaye hakukaa. Chagua moja, ifue, ikunje vizuri, iwe na mahali pake. Huzuni inahitaji mahali pa heshima, haihitaji gunia zima. Na sare ya kazi uliyofutwa? Hiyo iache iende. Kila ukiiona unafutwa tena.

Ukimaliza, utaona kitu. Chumba ni kile kile, kodi ni ile ile, lakini ukiamka Jumapili utanyoosha mkono mara moja tu, na utakachoshika kitakutosha. Hapo shetani amepoteza hoja moja aliyokuwa akikuzuia nayo kuja nyumbani mwa Bwana.

Tuombe. Baba, mtazame huyu anayesoma. Wewe ndiwe uliyewavika Adamu na Hawa walipokuwa na aibu yao. Mpe ujasiri wa kufungua alichofunga, mkono wa kutoa kwa heshima, na macho ya kujiona kama unavyomwona. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili tukutane, mpendwa. Njoo na ile moja inayokutosha. Inatosha.