Jumapili ya Mfilipino Ugenini



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya jiko, malezi na matumizi ya mshahara; na kwa kuwa wengi wenu ni jamaa za askari na polisi, mazungumzo yetu hayakosi kuligusa neno moja, nalo ni kuondoka. Bwana apata uhamisho, apanda lori alfajiri, na nyumba yabaki na sauti moja pungufu. Juma hili nataka tuwatazame watu ambao kwao kuondoka kumekuwa sehemu ya maisha ya taifa zima. Watu hao ni Wafilipino.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba, na watu wa visiwani hawaogopi chombo. Mwaka 1906 wanaume 15 walipelekwa Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa, nao wakafuatwa na wengine maelfu kwa maelfu. Lakini safari kubwa ilianza mwaka 1974, wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, nchi za Ghuba zilikuwa zikitafuta wajenzi, na huko Ufilipino vijana walikuwa hawana kazi. Ndipo sheria mpya ya kazi ilipoifanya serikali yenyewe kuwa mpangaji wa safari hizo. Ilidhaniwa kuwa ni jambo la muda tu. Muda huo haujakwisha hata leo. Mwaka 2013 tume ya serikali yao ilikadiria kwamba Wafilipino waishio nje ya nchi walipita milioni 10, pamoja na wale waliokwisha kuhamia moja kwa moja. Fedha walizowapelekea jamaa zao mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 38. Wauguzi, mabaharia, mafundi, walimu, watumishi wa nyumbani: hakuna bandari kubwa utakayoshuka usimkute Mfilipino. Hata ndugu zetu wa Uganda na Kenya waliokwenda Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kutafuta kazi za nyumbani au za ulinzi huwakuta huko, wametangulia kwa miaka mingi.

Hesabu hizo tuziache hapo. Ninalotaka tulifikiri ni hili: mtu huyo, akiisha kufunga kazi na kukaa peke yake, huwaza nini?

Tumchukue kwa mfano mama mmoja aliyeko Hong Kong. Sisemi juu ya mtu fulani ninayemjua. Ni mfano tu, lakini wanaofanana naye mjini humo wanakaribia laki mbili. Mkataba wake ni wa miaka miwili. Kanuni ya huko inamtaka alale katika nyumba ile ile anamofanya kazi, na nyumba za Hong Kong ni finyu mno. Hivyo wengi hulala chumba kimoja na watoto wa bwana, na wengine hupewa pembe tu ya kulaza godoro. Mkataba ukivunjwa kabla ya wakati wake, kwa kawaida ana majuma mawili tu ya kukaa mjini, kisha aondoke. Neno hilo la majuma mawili humkaa kichwani kila anapokunja shati au kuosha sahani. Hawezi kujibu kwa ukali hata kama amesingiziwa, maana nyuma yake kuna deni la safari, na nyuma ya deni kuna ada ya shule.

Katika kila siku saba ana haki ya siku moja ya kupumzika, na kwa walio wengi siku hiyo ni Jumapili. Basi siku hiyo katikati ya mji, mahali paitwapo Central, huonekana jambo ambalo mgeni hustaajabu kuliona. Barabara ya Chater hufungwa isipite magari. Chini ya jengo kubwa la benki ya HSBC, ambalo ghorofa yake ya chini ni ukumbi ulio wazi, na katika njia za miguu na chini ya madaraja, maelfu ya wanawake hutandika maboksi yaliyokunjuliwa, wakavua viatu na kukaa. Wanasukana nywele. Wanapaka rangi kucha. Wanacheza karata, wanasali, wanakula, wanaandika hesabu zao, na wengine wanalala usingizi mzito katikati ya kelele zote hizo. Mpita njia aliyeshiba hudhani ni tafrija ya watu wasio na haya ya kukaa chini. Afikiri kidogo. Mtu ambaye juma zima hana chumba cha kufunga mlango wake akakaa, atakwenda wapi? Kipande kile cha boksi ndicho sebule yake. Hata viatu huvuliwa pembeni, kama vinavyovuliwa mtu aingiapo nyumbani mwa watu.

Na hapo hupata tena kitu ambacho mimi nakiona ni kikubwa kuliko chakula. Kwa Wafilipino, kama kwetu, mtu mzima haitwi jina lake wazi. Aliye mkubwa kwako ni Ate akiwa mwanamke, ni Kuya akiwa mwanamume. Bibi ni Lola. Na mtoto mwenye adabu huuchukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama mtoto wetu anavyotoa shikamoo. Sasa mama huyu, ambaye kwao ni Ate wa watu, hupitisha siku sita akiitwa jina lake tupu na mtoto wa miaka sita. Mtoto hana kosa, ndivyo alivyofunzwa. Lakini Jumapili, akikanyaga tu lile boksi, msichana aliyefika mwaka huu humsogezea mahali na kumwambia, "Ate, karibu." Ni neno fupi, naye amelingoja juma zima.

Juu ya chakula sitasema mengi, ingawa wasomaji wa ukurasa huu hupenda. Watakuwa na adobo, yaani nyama iliyopikwa kwa siki, mchuzi wa soya na vitunguu saumu, ambayo hukaa bila kuharibika upesi na kwa hiyo inafaa kubebwa. Watakuwa na wali, maana bila wali Mfilipino husema hajala. Samaki wakavu wa kukaanga, ambao kwao huliwa asubuhi, hupatikana kwa shida. Si kwamba hawauzwi, bali harufu yao haivumiliwi katika nyumba za watu. Aliyewahi kukaanga dagaa katika nyumba ya kupanga ataelewa.

Sasa tuje kwenye simu. Zamani palikuwa na barua, na baadaye kanda za kaseti ambazo mtu alizizungumzia peke yake usiku akazituma kwa posta. Siku hizi kuna simu ya kioo, na mama aliyeko Hong Kong humwona mwanawe usoni kila Jumapili. Ungedhani tatizo limekwisha. Kwa sehemu, kweli limepungua. Ila simu hiyo imeleta kazi mpya, nayo ni ya kuficha. Barua ilificha yenyewe, uso haufichi. Basi mama hujipaka poda kabla ya kupiga, akachagua kukaa mahali penye mwanga, akasema amekwisha kula. Na upande wa pili, bibi wa watoto ameambiwa na daktari apumzike, lakini naye amevaa nguo yake nzuri na kukaa wima kitini. Kila upande unamlinda mwenzake kwa uongo. Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo, na sithubutu kuwalaumu. Lakini naona ni hatari, maana msiba au ugonjwa ukija kufichuka, mtu hujua siku hiyo hiyo kwamba hata yale mengine aliyokuwa akiambiwa huenda hayakuwa kweli.

Kisha kuna mtoto mwenyewe. Kati ya Wafilipino waendao nje kwa mkataba, wanawake ni zaidi ya nusu, na wengi wao wameacha watoto kwa bibi au kwa dada. Mtoto aliyeachwa na miaka miwili humwita bibi yake Mama, na mama yake humwona kama mtu mzuri aishiye ndani ya simu. Mama akirudi kwa likizo, mtoto hujificha nyuma ya bibi. Mama hucheka mbele ya watu. Usiku ndipo ayakumbukapo mambo ya ajabu ya kazi yake: amewajua watoto wa mtu mwingine, yupi haogi bila kulia, yupi hali samaki, naye hajui wa kwake analalia ubavu gani. Mtoto akikua akaanza kutoroka shule, mama hufoka kwa simu kutoka ng'ambo ya bahari. Wahenga wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na sidhani kwamba methali hiyo yahitaji kuelezwa kwa mke wa askari aliyebaki na watoto watano.

Jambo la fedha ni zito vilevile. Mabaharia wa Kifilipino, ambao ni kundi kubwa katika meli za dunia, wanatakiwa na sheria ya kwao kuzituma nyumbani asilimia 80 za mshahara wao wa msingi. Wengine hawashurutishwi, lakini wanashurutishwa na moyo. Wana neno lao, utang na loob, maana yake deni lililo ndani ya nafsi: fulani alikulipia shule, nawe humlipi ukamaliza. Kwa hiyo mshahara wa mtu mmoja una wenyewe wengi. Kuna ada, kuna dawa, kuna paa la bati la mjomba, kuna binamu anayetaka pikipiki. Anayetuma haonekani akihesabu senti, na anayepokea huona fedha zikija kila mwezi kama mvua. Na hapo maoni yangu ni makali kidogo. Naona familia iliyobaki nyumbani inapaswa kuandika kila senti iliyofika na ilikokwenda, kisha daftari hilo lisomwe kwa simu bila haya, na sehemu ya fedha iwekwe benki kwa jina la yule aliyeitolea jasho. Wako waliorudi baada ya miaka ishirini wakakuta nyumba nzuri ya ghorofa, lakini hawana shamba, hawana akiba, na mikataba yao imekwisha. Wakapanda ndege tena wakiwa na mvi.

Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino, akizungumza na watumishi wa nyumbani huko Hong Kong, aliwaita mashujaa wapya wa taifa. Jina hilo limedumu. Wengi walilipokea kwa furaha, na wengine waliuliza kwa nini shujaa anaachwa peke yake akipatwa na shida. Swali hilo lilipata uchungu mkubwa mwezi Machi 1995, Singapore ilipomnyonga Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani aliyehukumiwa kwa mauaji, ambaye Wafilipino wengi waliamini hakuyatenda. Watu walijaa barabarani mjini Manila, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilitiwa saini sheria ya kuanzisha wizara kamili ya wafanyakazi hao. Ni hatua njema. Lakini mtu anayengojewa na mwanawe simwonei wivu kwa kuitwa shujaa.

Wakati mgumu kupita wote ni Krismasi. Kwao huanza kusherehekewa mapema, tangu Septemba nyimbo zake zasikika madukani, na nyota za mianzi na karatasi zenye taa ndani yake hutundikwa madirishani. Kuanzia tarehe 16 Desemba hadi tarehe 24 watu huamka gizani kwenda misa ya alfajiri, siku tisa mfululizo, na nje ya kanisa huuzwa vitumbua vyao vya mchele vilivyo moto. Aliyeko jangwani Saudi Arabia huihesabu miezi hiyo minne mmoja mmoja.

Na kwa kuwa hawezi kwenda mwenyewe, hupeleka sanduku. Hulifahamu kwa jina la sanduku la balikbayan, yaani la mtu arudiye nchini kwake, na serikali yao imeliachia nafasi ya kuingia bila ushuru kwa kiasi kilichowekwa. Ni boksi kubwa la karatasi ngumu ambalo hukaa wazi pembeni ya chumba kwa miezi kadhaa, likijazwa kidogo kidogo kila mshahara unapotoka: sabuni, dawa ya meno, nyama ya kopo, kahawa, taulo, peremende, shati la mjomba. Kila kitu kimoja humtaja mtu mmoja. Wengi wa vitu hivyo vyapatikana dukani kwao, tena pengine kwa bei rahisi zaidi, na wachumi wamelisema hilo. Wasemacho ni kweli, lakini hakuna bibi aliyepata kuwasimulia jirani zake juu ya sabuni aliyoinunua mwenyewe.

Viatu vya mtoto ndivyo vinavyosumbua. Zamani bibi aliukanyagisha mguu wa mtoto juu ya karatasi, akauchora kwa penseli na kuitia karatasi ndani ya barua. Leo hupigwa picha pamoja na rula. Mama huipima picha ile dukani, akachukua kiatu kinachotosha sawasawa, kisha akakirudisha. Sanduku litokalo Ghuba au Marekani laweza kukaa baharini mwezi mmoja hata miwili au zaidi, na mtoto hangoji meli. Basi huomba namba inayofuata, wakati mwingine mbili mbele, akatia karatasi laini kwenye ncha ili kisipwaye, akalifunga boksi kwa gundi na kuandika jina la mtoto kwa herufi kubwa juu ya pande zote nne.