Sahani Hii Ni ya Nani?

Wanachama wenzangu, na ninyi walimu wetu, naomba niulize swali la tumboni.

Likizo ya Desemba nilimsindikiza mama kliniki. Vipimo vilionyesha sukari yake imeanza kupanda. Bado si kisukari, ila inaelekea huko, na bibi yangu kule Tanga alifariki kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo hatukwenda kwa mzaha. Mtaalamu wa lishe, dada mpole, alitupa karatasi ya MyPlate: sahani yenye matunda, mboga, nafaka na protini, na pembeni duara la maziwa. Nafaka, akasema, angalau nusu ziwe zisizokobolewa. Maziwa vikombe vitatu kwa siku. Mimi nilikuwa mkalimani.

Mama aliitazama karatasi, kisha akaniambia: "Mwanangu, muulize ugali uko wapi hapa."

Nikauliza. Yule dada hakuujua ugali. Nikaanza kumweleza, nikakwama nilipofika kwenye dona na sembe, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua tofauti yake.

Kuhusu maziwa mama alinyamaza. Akinywa maziwa freshi tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Mimi ni vivyo hivyo. Nilipokuwa darasa la pili hapa Ohio, mwalimu mmoja alinibembeleza kila siku nimalize paketi yangu ya maziwa ili mifupa iwe na nguvu. Nilimaliza, kisha nikashinda msalani wenzangu wakicheza. Nilikua nikidhani tumbo langu ni bovu.

Kumbe tumbo langu ndilo la wengi. Taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia kisukari na magonjwa ya tumbo inakadiria kwamba watu wapatao asilimia 68 duniani hawamudu vizuri kusaga laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa, baada ya utoto. Hapa Marekani ni kama asilimia 36. Si wote wanaoumwa, lakini ni wengi mno kuwaita wachache. Na tusiseme "Waafrika hawawezi maziwa". Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, na ni tofauti na yale ya Wazungu. Mmaasai na mama yangu wa Tanga hawana tumbo moja. Itakuwaje basi nchi nzima iwe na kipimo kimoja?

Lazima niwe mwadilifu. Miongozo ya 2020 hadi 2025 iliruhusu maziwa yaliyoondolewa laktosi, mtindi, na maziwa ya soya yaliyoongezwa virutubisho. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ndani ya kitabu, na mgonjwa alipewa picha. Kwenye picha hiyo ya MyPlate, maziwa yalikuwa kundi zima linalojitegemea. Kanada ililiondoa kundi hilo mwaka 2019, ikayaweka maziwa pamoja na vyakula vingine vya protini na kuwashauri watu wanywe maji. Sahani iliyochorwa na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011 nayo ina glasi ya maji. Wataalamu hao nao wanajua habari za mifupa.

Tuulize pia nani anayeandika. Tangu 1980 miongozo hii hutolewa na wizara mbili, ya afya na ya kilimo. Wizara ya kilimo ndiyo pia inayosimamia mpango, ulioanzishwa kwa sheria ya 1983, ambapo wafugaji hulipa mchango wa kutangaza maziwa. Sisemi kuna njama. Nasema mwenye duka akikushauri cha kununua, sikiliza, halafu uliza bei.

Na ushauri wenyewe hubadilika. Piramidi ya 1992 iliweka mkate, wali na tambi chini kabisa, sehemu 6 hadi 11 kwa siku, bila kutenga waziwazi nafaka nzima na zilizokobolewa. Ilipofika 2005 ndipo ikasemwa nusu iwe nafaka nzima. Wenyewe wakijisahihisha, sisi kuuliza si utovu wa adabu.

Hapa sasa nageukia kwetu, na baadhi yenu mtanikasirikia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, lakini tuukague mbachao wenyewe. Sembe tunayoitetea kama mila ni mahindi yaliyoondolewa pumba na kiini, na hayo mahindi yalitoka bara hili tunaloishi. Kabla yake wazee wetu walisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi. Kwenye sherehe zetu za klabu tunapakua wali, chapati na maandazi kwenye sahani moja, kachumbari kijiko kimoja, halafu tunailaumu karatasi ya kliniki. Juu ya nafaka nzima, karatasi ilikuwa na haki. Ilichokosa ni kutamka neno dona.

Mwezi wa pili tulirudi kliniki na karatasi yetu, niliyoichora baada ya mama kunifundisha jikoni. Ugali wa dona, kipande kama ngumi. Nusu ya sahani sukuma wiki na mboga nyingine. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maana kalsiamu imo humo. Mtindi kidogo, ambao mama anaumudu kwa kuwa uchachu umepunguza laktosi. Yule dada aliuliza maswali mengi, akapunguza kile kipande cha ugali, akatoa nakala akaiweka kwenye faili. Mama bado analalamikia kipande hicho.

Ninapendekeza klabu tuitengeneze karatasi kama hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza, walimu wasahihishe lugha na mtu wa idara ya lishe akague vipimo, kisha tuipeleke kwenye kliniki wanazokwenda wazazi wetu. Na kwenye sherehe ijayo, sufuria moja iwe ya dona. Nitasonga mimi. Anayepinga aje na mwiko wake.