Andika Jibu la Anayekubishia Hodi

Mwambie mtu leo kwamba unataka kuandika kitabu pepe chako cha kwanza. Kabla hujamaliza atakuuliza, "Umechagua mada inayouza?" Kisha atakutajia mwenyewe: pesa, mafanikio, mapenzi, kupunguza tumbo. Ushauri huu unatolewa kwenye semina, kwenye magrupu ya WhatsApp na vijiweni, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria ya nchi. Nami niliwahi kuutoa. Leo nasema ni ushauri mbaya, na umewaharibia waandishi wetu wapya pamoja na wasomaji wao.

Tukumbuke kware. Mwaka 2013 habari zilienea Kenya kwamba mayai ya kware ni dawa na ni mali. Watu wakakimbilia leseni za KWS, shirika la wanyamapori, wakajenga mabanda, wakanunua ndege kwa bei ya kuruka. Mwaka uliofuata kila mtaa ulikuwa na kware, na yai likakosa mnunuzi. Kila mfugaji alikuwa amemtazama jirani anayeuza. Mlaji hakutazamwa na yeyote. Mada inayouza ndiyo kware wa waandishi: habari zake zinapokufikia, banda limeshajaa.

Na limejaa kweli. Vitabu vingi vya siri za mafanikio vinavyouzwa kwa pidiefu ni mawazo ya Robert Kiyosaki yaliyovishwa kanga, na kitabu chake cha Rich Dad Poor Dad kilitoka mwaka 1997. Sasa na mashine zimeingia. Septemba 2023 Amazon iliweka ukomo: mtu asipakie vitabu vipya zaidi ya vitatu kwa siku moja. Fikiria mafuriko yaliyohitaji ukuta wa namna hiyo. Programu za akili mnemba zinamaliza "njia kumi za kuwa tajiri" kabla chai haijapoa. Anayeanza na mada pana anashindana na kitu kisicholala wala kula.

Nina jirani huku Mbagala, Dar es Salaam, katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake 30 kwa miaka sita sasa. Aliponiambia anataka kuandika kitabu, nilimshauri aandike kuhusu ujasiriamali, maana mada hiyo inauza. Akaandika kurasa nane, akaacha. Siku niliyokwenda kumuuliza kulikoni, nilimkuta barazani na wanawake wawili wa kikoba kingine kabisa, daftari limefunguliwa juu ya mkeka. Mwenzao alikuwa anahama katikati ya mzunguko. Ana hisa 40 za Sh 5,000, yaani Sh 200,000. Anadaiwa mkopo wa Sh 150,000. Anataka hisa zake, faida yake, na vyote alivyochangia mfuko wa jamii. Kikundi kimegawanyika, na wenye funguo tatu za sanduku hawasalimiani.

Jirani yangu aliuliza kwanza: katiba yenu inasemaje kuhusu anayeondoka kabla ya kuvunja mzunguko na kugawana? Waliposoma kifungu, akapiga mistari kwenye daftari. Hisa toa deni, Sh 50,000 apewe sasa. Faida haijulikani mpaka mikopo yote irudi, kwa hiyo asubiri siku ya kuvunja. Mfuko wa jamii haurudishwi, kwa kuwa ni wa misiba na maradhi, na miezi yote ile ulikuwa unamkinga na yeye. Haikufika nusu saa. Wale wanawake walikunja daftari lao wakaondoka wakizungumza kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Nikamuuliza wanakuja wangapi. "Kila wiki, kaka. Wengine wananitumia sauti usiku." Hapo nikaliona kosa langu. Kitabu chake kilikuwa kinambishia hodi nyumbani, na mimi nilimtuma akakitafute sokoni.

Mtaniambia wanaotaka hesabu za kikoba ni wachache. Hiyo ni hofu ya mchapaji wa karatasi. Yeye hana budi kuchapa nakala nyingi ndipo gharama ya kila moja ishuke, na ndiyo sababu wachapishaji wetu wameegemea vitabu vya shule. Kitabu pepe hakina mtambo, hakina ghala, hakina lori la kwenda Mbeya. Watu 200 wakilipa Sh 5,000 kwa simu, hiyo ni Sh 1,000,000, na nakala ya 200 haikukugharimu zaidi ya ile ya kwanza. Isitoshe, hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi hivi visajiliwe. Makatibu wanadaiwa katiba na vitabu vya hesabu vilivyonyooka, ilhali wengi walijifunzia kazi hiyo kwenye daftari.

Wapo pia wanaosema, "Andika unachokipenda." Nao sikubaliani nao. Mapenzi yako kwa jambo hayamtatulii msomaji shida yake. Fungua simu yako, rudi nyuma miezi mitatu, usome watu wanakuuliza nini. Fundi wa friji anaulizwa kwa nini inawaka lakini haigandishi. Mpishi wa harusi anaulizwa kilo ngapi za mchele kwa watu 300. Wakikuuliza swali moja watu watatu wasiojuana, mada umeshaipata. Andika jibu kwa kurasa mbili, uwapelekee. Wakirudi na swali la pili, hiyo ni sura ya pili.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya msomaji. Tunapenda kulalamika kwamba watu wetu hawasomi. Lakini yule aliyetoa elfu tano yake, akapokea kurasa 60 za "jiamini" na "amka mapema", alisoma. Alisoma mpaka mwisho akaona ameibiwa. Kesho hatanunua tena, hata kutoka kwa mwandishi mwenye jambo la maana la kumwambia. Kila kitabu kitupu kinakula imani ambayo wengine wataihitaji.

Jirani yangu sasa yuko sura ya nne, inayohusu mwanachama anayefariki akiwa na deni. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo inauza. Anaiandika kwa sababu mwezi uliopita alikuja kijana na barua ya kikundi cha marehemu mama yake, akasimama mlangoni, akapiga hodi, asijue aanzie wapi.