Kifungua Mimba Naye ni Mwanafunzi

Dada yetu, kifungua mimba, aliacha shule mwaka wa 1991 ili karo itutoshe sisi wadogo. Alitufulia sare, akatupikia uji alfajiri, akatukagulia madaftari asiyoweza kuyasoma yote. Hata leo akisifiwa, huuliza amekosea wapi. Darasani huwatambua upesi wasichana wa mfano wake: huchelewa kwa kumpeleka mdogo chekechea, kisha huomba radhi kabla hawajaulizwa. Nasi walimu, kwa kuwaona wapole, huwaongezea ufunguo wa stoo na zamu ya kufagia! Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka wa 2003. Mzigo wa nyumbani haukuguswa. Walimu wenzangu, ufunguo huo apewe mwingine, naye aachwe asome.